Majibu kwa Majaji Sita

Tarehe 24 Juni 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura sita dhidi ya tatu, kwamba baharia aliyeumizwa na ubovu wa chombo hawezi kudai fidia ya adhabu, hata kama mwenye chombo alijua ubovu huo na akaupuuza kwa makusudi. Hukumu iliandikwa na Jaji Samuel Alito. Hoja zake mmezisikia, maana tangu siku hiyo ndizo wanazozishika mawakili wa makampuni kila baharia anapofungua kesi. Nimeisoma hukumu hiyo pamoja na ile ya kupinga iliyoandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg, na nashikilia kwamba hoja za walio wengi hazisimami. Nyingine zinapingana zenyewe kwa zenyewe. Nyingine zinapingana na yale ambayo mahakama hiyohiyo iliyasema miaka kumi tu kabla. Nitaieleza kila moja kama wenyewe walivyoieleza, kisha niijibu. Kuamua ni kwenu.

Tuanze na tukio lenyewe. Mlalamikaji alikuwa baharia wa sitaha katika kampuni ya Dutra, inayochimba mchanga na tope chini ya maji. Kazi ya namna hii ndiyo inayozipa bandari kina na kuzirudishia fukwe mchanga ulioliwa na mawimbi. Siku hiyo alikuwa juu ya tishari, karibu na Newport Beach, California. Wenzake walikuwa wakisukuma hewa yenye shinikizo kwenye chumba kilicho chini ya sitaha. Hewa ikajaa, kifuniko cha chumba kikafyatuka na kumponda mkono. Dai lake lilikuwa kwamba tishari lile halikuwa na njia ya kutolea hewa iliyozidi.

Msiichukulie hewa kuwa kitu chepesi. Chukueni mfano wa kifuniko cha sentimita 60 kwa 60, kiasi cha kumtosha mtu kupita. Hewa ya ndani ikizidi ya nje kwa kilo moja tu kwa kila sentimita ya mraba, ambayo ni chini ya nusu ya hewa inayotiwa kwenye tairi la gari dogo, kifuniko hicho kinasukumwa juu kwa nguvu ya kilo 3,600. Baharia aliyesimama juu yake haoni kitu, kwa sababu hewa haina rangi wala haifuki moshi. Kinachomlinda ni vali au tundu la kutolea hewa, na kifaa hicho hafungi yeye. Ama kilifungwa na mwenye chombo, ama hakikufungwa.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba kesi hii ilifika Washington kabla ya ushahidi kusikilizwa. Baharia alidai uzembe, ubovu wa chombo, na haki yake ya matunzo na matibabu. Kampuni iliomba ombi la fidia ya adhabu lifutwe mapema. Mahakama ya wilaya ilikataa, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa nayo ikakataa. Hakuna aliyewaomba majaji tisa watamke kwamba Dutra ilifanya makusudi. Swali lilikuwa moja: je, jopo la raia liruhusiwe kusikiliza ushahidi wa makusudi, kama upo, na kutoa adhabu kama utathibitika? Majaji sita walisema hapana, kwa kesi hiyo na kwa kila kesi ya ubovu wa chombo itakayofuata.

Hoja yao ya kwanza na nzito kuliko zote ni ya historia. Wanasema: tumezipekua kumbukumbu za mahakama za bahari na hatukuona desturi ya kutoa fidia ya adhabu kwa ubovu wa chombo. Upande wa baharia ulileta kesi mbili za kale, moja ya 1886 na nyingine ya 1924, lakini ukizisoma vizuri, wanasema, fedha zilizotolewa humo zilikuwa za kulipia hasara na maumivu, si za kuadhibu. Nakubali kwamba kesi hizo mbili ni ushahidi mwembamba. Lakini swali la kwanza katika shauri lolote ni nani mwenye mzigo wa kuthibitisha, na hapo ndipo majaji sita walipogeuza mizani.

Mwaka 2009 mahakama hiyohiyo ilisikiliza kesi ya baharia wa tagi aliyeanguka kwenye sitaha ya chuma akaumia mkono na bega. Mwajiri wake, kampuni ya Atlantic Sounding, ambayo ni tawi la kampuni nyingine ya uchimbaji wa baharini, Weeks Marine, alikataa kumlipia matunzo na matibabu. Swali lilikuwa lilelile: je, fidia ya adhabu inaruhusiwa? Jaji Clarence Thomas, akiandika kwa niaba ya majaji watano, alikwenda kwa hatua tatu. Fidia ya adhabu imekuwepo tangu zamani katika sheria ya kawaida. Kanuni hiyo inaingia pia katika sheria ya bahari. Hakuna ushahidi kwamba madai ya matunzo na matibabu yalitengwa nayo. Basi inaruhusiwa. Kwa utaratibu huo anayetaka baharia atengwe ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Mwaka 2019 mzigo ulihamishwa: sasa ni baharia anayetakiwa kuonyesha kesi za kale za aina yake hasa, moja baada ya nyingine, na asipoziona anashindwa. Jaji Thomas, mwandishi wa hukumu ya 2009, alikuwa miongoni mwa sita wa 2019. Jaji Alito, mwandishi wa hukumu ya 2019, ndiye aliyeandika maoni ya kupinga mwaka 2009. Kilichoshindwa kwa kura tano dhidi ya nne kimerudi, na safari hii kimeshinda bila mahakama kusema kwamba ile ya kwanza ilikosea.

Kuna tatizo kubwa zaidi ndani ya hoja hii ya historia. Majaji sita wanaeleza wenyewe, na kwa usahihi, kwamba dai la ubovu wa chombo kama linavyojulikana leo, ambapo mwenye chombo anawajibika hata bila kuthibitishwa uzembe, lilijengwa na Mahakama ya Juu katika miaka ya 1940, kupitia maamuzi ya 1944 na 1946. Wanalitaja kuwa ni zao la mahakama yenyewe, lililokuja baada ya Sheria ya Jones ya 1920, iliyowapa mabaharia haki ya kushtaki kwa uzembe. Sawa. Sasa someni sentensi hiyo pamoja na ile nyingine inayomtaka baharia alete hukumu za karne ya 19. Kama dai hili lilizaliwa 1944, hukumu za 1886 zingewezaje kulitolea adhabu? Na kama ni la kale kiasi cha kuwa na desturi inayoweza kupekuliwa, basi si uzushi wa miaka ya 1940. Walio wengi wanalihitaji liwe changa wanapotaka kulinyima heshima ya mila, na liwe kongwe wanapotaka kulinyima ushahidi. Haliwezi kuwa yote mawili.

Ukimya wa kumbukumbu nao una maelezo yaliyo wazi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 baharia aliyeona chombo kibovu alikuwa na njia finyu: kukataa kusafiri na kudai mshahara wake. Haki ya kudai fidia kwa majeraha yatokanayo na chombo kisichofaa ilitamkwa bayana na Mahakama ya Juu mwaka 1903, katika kesi ya meli Osceola. Anayetafuta wingi wa adhabu kabla ya hapo anatafuta matunda kabla mti haujapandwa. Kanuni ya jumla, hata hivyo, ilikuwepo. Mwaka 1818 Jaji Joseph Story, katika kesi ya meli Amiable Nancy, alikubali kwamba wakosaji wa baharini wenyewe wanaweza kutozwa fidia ya kuwa fundisho kwa wengine. Mwaka 2008, katika kesi ya meli ya mafuta Exxon Valdez, mahakama iliendelea na kanuni hiyohiyo. Ubovu wa chombo ulizaliwa ndani ya nyumba ambayo adhabu tayari ilikuwamo.

Hoja ya pili ni ya ulinganifu na Sheria ya Jones. Inakwenda hivi: mwaka 1920 Bunge la Marekani liliwapa mabaharia haki ya kushtaki kwa uzembe, likaazima masharti ya sheria ya 1908 ya wafanyakazi wa reli. Chini ya sheria ile ya reli mahakama zimekuwa zikitoa fidia ya hasara tu. Basi baharia wa Sheria ya Jones naye hapati fidia ya adhabu. Na kwa kuwa jeraha moja linaweza kudaiwa kwa njia zote mbili, uzembe na ubovu wa chombo, itakuwa ajabu kwa njia iliyojengwa na majaji kutoa zaidi ya ile iliyowekwa na Bunge.

Hii ndiyo hoja inayovutia kuliko zote kwa mara ya kwanza, kwa hiyo inastahili jibu refu kidogo. Sheria ya 1920 ilisema kwamba baharia aliyeumia anaweza, akichagua mwenyewe, kufungua kesi ya fidia mbele ya jopo. Neno lenye uzito hapo ni kuchagua. Huwezi kumpa mtu uchaguzi kwa kumpokonya kile alichokuwa nacho. Mwaka 2009 mahakama ililisoma hivyo hasa: sheria ilikuja kuongeza haki za baharia, si kuzifuta zilizokuwepo. Katika hukumu hiyo walikataa kabisa wazo kwamba Sheria ya Jones ndiyo kipimo cha kila fidia ya baharini, na swali la kama sheria yenyewe inazuia fidia ya adhabu wakaliacha bila kulijibu. Miaka kumi baadaye, sheria ileile, iliyokataliwa kuwa kipimo, ikafanywa kipimo.

Uamuzi wanaouegemea zaidi ni wa 1990, kesi ya Miles dhidi ya Apex Marine, ambapo mama wa baharia aliyeuawa kazini alinyimwa fidia ya kupotelewa na ukaribu wa mwanawe. Kesi ile ilikuwa ya kifo. Katika mambo ya vifo baharini Bunge lilikuwa limetunga sheria na kuweka mipaka kwa maneno yake lenyewe, na mahakama ikasema haiwezi kuivuka. Vivyo hivyo msingi wa tafsiri ya sheria ya reli, uamuzi wa 1913 katika kesi ya Vreeland, ulihusu warithi wa marehemu na hasara yao ya kifedha. Baharia wa Newport Beach hakufa. Ni mtu hai aliyepondwa mkono, anayedai kwa njia ambayo Bunge halijaigusa kwa neno hata moja. Kutoka kwa mama anayelilia mwanawe hadi kwa adhabu ya mwajiri aliyefanya makusudi ni safari ndefu, na majaji sita hawakuonyesha daraja la kuvukia.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonifanya nikae kuandika. Wanasema kuruhusu fidia ya adhabu kungeleta tofauti za ajabu: mwenye chombo angeweza kuadhibiwa kwa ubovu, ilhali nahodha au msimamizi, aliye karibu zaidi na hatari na mwenye uwezo zaidi wa kuizuia, asingeadhibiwa chini ya Sheria ya Jones. Wanaona hilo halina mantiki.

Tazameni kwanza kama maelezo hayo yanalingana na kesi iliyokuwa mezani. Dutra ilikuwa mwajiri na pia mwenye chombo na mwendeshaji wake. Hakukuwa na nahodha wa upande wa tatu wa kuonewa wivu. Halafu tazameni aina ya kasoro. Njia ya kutolea hewa haisahauliki asubuhi moja kama mtu anavyosahau kamba sitahani. Ni kitu kinachowekwa au kuachwa wakati chombo kinapoundwa, kununuliwa au kufanyiwa matengenezo, na uamuzi huo hufanywa ofisini, nchi kavu, na wenye kutia saini hundi. Msimamizi wa zamu hana bajeti ya kutoboa sitaha. Ndiyo maana sheria ya bahari imemwekea mwenye chombo wajibu ambao hawezi kumtupia mwingine: chombo chako kifae, kwisha. Kumhurumia kwa sababu nahodha yuko karibu zaidi ni kukana msingi wa dai zima.

Lakini la kutazamwa zaidi ni tofauti ambayo hukumu yenyewe imeiacha nyuma. Uamuzi wa 2009 haukufutwa, kwa hiyo mwajiri anayekataa kwa ukaidi kulipa matunzo na matibabu ya baharia wake bado anaweza kutozwa fidia ya adhabu. Uamuzi wa 2019 unasema mwajiri huyohuyo, akipeleka watu kwenye tishari analojua ni bovu, hawezi kutozwa. Wekeni mambo hayo mawili kwenye sitaha moja. Bosi anajua hewa haina pa kutokea, anaagiza kazi iendelee, kifuniko kinafyatuka, mkono unapondwa: hakuna adhabu. Wiki mbili baadaye bosi huyo anakataa bili ya hospitali kwa ukaidi: adhabu ipo. Sheria sasa inamwogofya anayenyima dawa na haimwogofyi aliyesababisha jeraha. Majaji waliosema wanakimbia tofauti za ajabu wametuachia hii, na sikuona katika hukumu yao aya inayoeleza kwa nini ni afadhali kuliko ile waliyoikimbia.

Hoja ya nne ni ya biashara. Fidia ya adhabu, wanasema, ingewaweka wenye meli wa Marekani mahali pabaya kwenye ushindani na ingewakatisha tamaa wenye meli wa kigeni kuajiri mabaharia wa Kimarekani. Kwa meli ya kontena inayokwenda Shanghai, hoja hiyo ina cha kujadiliwa. Kwa tishari la mchanga karibu na Newport Beach haina kabisa. Tangu 1906 sheria ya Marekani inazifungia dreja za kigeni, yaani vyombo vya kuchimba chini ya maji, kufanya kazi katika maji yake. Makampuni makubwa ya kazi hii duniani, Boskalis na Van Oord za Uholanzi, Jan De Nul na DEME za Ubelgiji, hayawezi kuleta dreja zake kuchimba California. Watu wa Mombasa wameiona Van Oord ikichimba njia ya kuingilia Kilindini. Watu wa Newport Beach hawataiona. Zaidi ya hapo, tishari linalobeba mchanga uliochimbwa kutoka sehemu moja ya pwani ya Marekani kwenda nyingine linahesabiwa kuwa katika biashara ya pwani, ambayo imetengewa vyombo vya nchi hiyo. Na utengaji huo ulitiliwa nguvu na sheria ya meli ya 1920, ileile iliyobeba haki ya baharia kushtaki: kifungu cha 27 kikiwalinda wenye vyombo dhidi ya wageni, kifungu cha 33 kikimpa baharia kesi yake. Kampuni iliyozungushiwa ukuta na kifungu kimoja haiwezi kusimama mahakamani na kuogopa mshindani aliye nje ya ukuta, ili cha pili kisomwe kwa ufinyu.

Tena hofu hiyo ilikuwa na muda wa kutosha kujithibitisha. Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa, inayosimamia California, Oregon, Washington, Alaska na Hawaii, ilikuwa imekubali fidia ya adhabu kwa ubovu wa chombo tangu 1987. Hiyo ni pwani yenye bandari kubwa na meli nyingi za uvuvi. Kama madhara yangekuwepo, miaka zaidi ya 30 ingeyaonyesha. Hukumu ilitoa utabiri mahali ilipopaswa kutoa mifano. Na adhabu zenyewe zilishawekewa kipimo: katika kesi ya Exxon Valdez, jopo lilitoza dola bilioni 5, mahakama ya rufaa ikazipunguza hadi bilioni 2.5, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ikazishusha hadi dola milioni 507.5, sawa na fidia ya hasara, kwa uwiano wa 1:1. Anayeogopa jopo lililopandwa na hasira alikwisha kupewa kinga.

Hoja ya tano inasema upendeleo kwa baharia ni mabaki ya zamani. Majaji wa karne ya 19 walimwona baharia kama mtoto asiyejua kujitunza, wakajipa kazi ya kumlea. Leo, wanasema, hali imebadilika na Bunge limeshamwekea ulinzi. Nakubaliana nao juu ya lugha ya zamani: ilikuwa ya dharau. Lakini udhaifu wa baharia haukutokana na akili yake. Ulitokana na mahali alipo. Fundi wa kiwandani akiona mtungi wa hewa unatisha anatoka mlangoni. Aliye juu ya tishari katikati ya maji hana mlango wa kutokea, na kinachoendelea chini ya sitaha hakioni. Hilo halijabadilika tangu karne ya 19.

Na baharia huyu hakuomba upendeleo. Mtu aliyekuja kupunga upepo ufukweni California, akajeruhiwa na mashine ya kampuni iliyofanya makusudi, anaweza kudai fidia ya adhabu chini ya kifungu cha 3294 cha sheria ya madai ya jimbo hilo, akithibitisha ukandamizaji, ulaghai au nia mbaya. Baharia aliomba kipimo cha namna hiyohiyo. Aliyelala juu ya mchanga ana haki ambayo aliyeuchimba mchanga ule hana. Anayeita hilo mwisho wa upendeleo atueleze nani anapendelewa sasa.

Wapo wanaosema haya yote hayana uzito kwa sababu baharia bado analipwa hasara yake yote. Kulipwa si bure, lakini fidia ya hasara ni gharama inayoweza kupigiwa hesabu kabla ya ajali, ikawekwa kwenye vitabu kando ya bei ya matengenezo, na ikalipwa na bima. Ikiwa kufunga vali kunagharimu zaidi ya kulipia mkono, mwenye chombo asiye na utu atalipia mkono. Adhabu ipo kwa ajili ya huyo mmoja. Mwenye chombo mwaminifu haimgusi.

Na hizo haki zinazosemwa kuwa zinatosha, hebu tuone zinavyopatikana. Julai 1993, katika ujenzi wa handaki la barabara chini ya bandari ya Boston, mhandisi wa dreja ya Dutra iitwayo Super Scoop alikuwa kwenye tishari akitengeneza injini. Tishari likagonga dreja, naye akatumbukia kichwa mbele kwenye tundu la sitaha. Alipodai chini ya Sheria ya Jones, kampuni ilijibu kwamba dreja ile si chombo cha majini. Ilikuwa na nahodha na mabaharia, taa za usafiri na matangi ya kuisawazisha, ikajivuta kwa nanga na kebo futi 30 hadi 50 kila baada ya saa kadhaa. Katika kesi hiyohiyo kampuni ilikubali kwamba Super Scoop ni chombo kwa mujibu wa sheria ya wafanyakazi wa bandarini, ambayo humpa mlalamikaji njia nyembamba zaidi. Mahakama ya Juu ilisema bila mpinzani kwamba dreja ni chombo, na hiyo ilikuwa Februari 2005. Karibu miaka 12 ilikwenda kwa swali la kama mtu aruhusiwe kuingia mlangoni. Ni kampuni ileile iliyorudi Washington mwaka 2019, ikiegemea Sheria ya Jones kuwa ndiyo mpaka wa haki za baharia. Mwaka 2005 ilisema mfanyakazi wake hastahili sheria hiyo. Mwaka 2019 ilisema asipate zaidi ya sheria hiyo.

Inabaki hoja ya kwamba mambo haya yaachiwe Bunge. Kama dai la ubovu wa chombo lingekuwa limetungwa na Bunge, ningenyamaza. Lakini majaji sita wamesema wenyewe ni la mahakama. Aliyelijenga ndiye mwenye kusema linatibiwaje, na mwaka 2009 hakusubiri ruhusa ya mtu kusema hivyo juu ya matunzo na matibabu. Bunge linaweza kurekebisha kwa sentensi moja tu ndani ya Sheria ya Jones, ikisema kwamba hakuna kitu humo kinachozuia fidia ya adhabu kwa mwenye chombo aliyejua ubovu na akaupuuza. Mpaka itakapoandikwa, majaji wa chini wana kazi nyingine: kuuzuia uamuzi huu usivuke mpaka wake. Mawakili wa makampuni wakija kuutumia kunyonga hata madai ya matunzo na matibabu, wajibiwe kwa hukumu ya Jaji Alito yenyewe, ambayo iliutenganisha uamuzi wa 2009 na shauri lake na kuuacha hai.